Rimiksi, miksi na flashi: dijei anahitaji ruhusa ipi, na aiombe kwa nani?

*"Mimi ni dijei hapa Morogoro. Wikiendi napiga kwenye sendofu na harusi, siku nyingine natengeneza miksi na rimiksi. Hivi karibuni nilichukua wimbo wa zamani wa dansi, nikatenganisha sauti ya mwimbaji na gitaa kwa programu ya kompyuta, nikauwekea mdundo wa amapiano na kuupakia YouTube. Baada ya muda mfupi nikapata dai la hakimiliki. Miksi yangu nyingine ya Bongo Fleva imeondolewa kabisa na chaneli imepewa onyo. Nyimbo zote nilinunua au nilitumiwa na wasanii wenyewe kwa WhatsApp, nyingine sikutumia hata sekunde 30, na chini ya video niliandika kwamba sidai umiliki. Nina kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na ukumbi ninaopiga unalipia COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania Bara. Pia nauza miksi kwenye flashi. Je, nimevunja sheria? Naweza kufungwa? Na nifanye nini ili niendelee na kazi bila kula jasho la mtu?"*

Ndugu yangu, kwanza tuiweke hofu mahali pake. Dai ulilopata YouTube si hati ya mashtaka, wala onyo lililopewa chaneli yako si kumbukumbu ya jinai. Hizo ni hatua ambazo kampuni binafsi imechukua dhidi ya akaunti yako kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali ulipojiunga. Hata hivyo sitakuficha ukweli. Kwa jinsi ulivyoeleza, kupiga muziki katika ukumbi uliolipiwa huenda hakuna tatizo, lakini rimiksi uliyoipakia na flashi unazouza zimegusa haki za watu ambao hawajakupa ruhusa. Kati ya hizo mbili, flashi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Madijei wengi wanaonijia huanza kwa kuuliza kama wana kibali au hawana, kana kwamba kuna karatasi moja inayofungua kila kitu. Sheria haiulizi hivyo. Inauliza umefanya kitendo gani, kitendo hicho kinagusa haki ipi, na haki hiyo ni ya nani. Kupiga wimbo mbele ya hadhira ni kitendo kimoja, kutoa nakala yake ni kingine, kuubadili ni kingine, na kuuweka mtandaoni ili mtu yeyote ausikilize atakapo ni kingine tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, inampa mwenye haki uwezo wa kuruhusu au kukataa kila kimoja kati ya vitendo hivyo peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na karatasi tatu halali mfukoni na bado akawa hana ile inayohitajika kwa jambo alilolifanya jana usiku.

Isitoshe, wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba angalau tabaka mbili za haki. Tabaka la kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Tabaka la pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studioni, na hapo ndipo linapoingia neno hakishiriki, linalowahusu waimbaji na wapigaji ala walioshiriki pamoja na mtayarishaji aliyegharamia au kusimamia kazi. Fikiria kiwanja cha mtu mmoja ambacho mtu mwingine amejenga nyumba juu yake: ukitaka kubomoa ukuta na kuongeza vyumba, ruhusa ya mmoja wao haitoshi. Ukiimba upya wimbo wa mtu kwa sauti yako na wapigaji wako, umegusa utunzi peke yake. Ukikata kipande cha rekodi, hata kama ni mlio wa tarumbeta tu, umegusa rekodi, na mara nyingi umegusa utunzi pia. Rimiksi yako imegusa matabaka yote mawili, kisha imeongeza kitendo cha kuubadili wimbo, na kisha kitendo cha kuusambaza mtandaoni.

Programu kama uliyotumia kutenganisha sauti na gitaa zimeleta mkanganyiko mpya katika kazi hii. Zamani dijei aliyetaka sauti ya mwimbaji bila ala alilazimika kwenda studio kuomba mkanda, na kule kuomba mkanda ndiko kulikokuwa kuomba ruhusa, kwa sababu prodyuza angemuuliza anataka kuufanyia nini. Leo kompyuta inatoa sauti hiyo kwa dakika chache bila kumuuliza mtu yeyote, na mazungumzo yale yamepotea. Haki haikupotea pamoja nayo.

Hukuutaja wimbo wenyewe, lakini kwa kuwa uko Morogoro, mji uliotupa bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, nitatumia mifano ya hapo hapo kwenu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Sheria yetu inalinda utunzi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hesabu ikifungwa mwisho wa mwaka. Kwa hiyo nyimbo alizozitunga peke yake zilitoka kwenye ulinzi huo hapa nchini mwishoni mwa mwaka 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, na kwa hesabu hiyo hiyo tungo zake mwenyewe zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Wote wawili ni wa Morogoro, na dijei kijana anaweza kuziweka nyimbo zao katika folda moja aliyoiandika "zilipendwa", lakini tungo za mmoja ziko huru na za mwingine zina wenyewe, yaani warithi wake au yeyote aliyehamishiwa haki hizo kihalali. Ikiwa wimbo ulitungwa na watu wawili au zaidi, hesabu huanza pale anapofariki wa mwisho wao, na katika bendi zetu za dansi, ambamo mmoja alileta maneno na mwingine akaleta melodia, hilo ni jambo la kuchunguza kabla ya kusema lolote.

Hayo yote ni ya utunzi tu. Rekodi ina hesabu yake, ambayo haianzi na kifo cha mtu bali na kutengenezwa au kutolewa kwa rekodi yenyewe. Nchini Kenya, kwa mfano, ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka rekodi ilipotengenezwa. Naitaja Kenya kwa makusudi. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hazina ya kanda zake sasa iko mikononi mwa TBC, au zilisafiri hadi Nairobi, ambako kulikuwa na lebo na kiwanda cha kuchapa santuri. Kwa sababu hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na mkanda uliorekodiwa redioni na santuri iliyotoka Nairobi, kila rekodi ikiwa na mwenyewe. Baadaye lebo za Ulaya zilitoa upya baadhi ya rekodi hizo kwenye CD na mtandaoni. Usishangae basi ukiona dai la wimbo wa Morogoro limetoka kwa kampuni ya ng'ambo: huenda ina mkataba halali na mwenye rekodi, na huenda haina. Fungua maelezo ya dai lenyewe, usome jina la mdai na kipande hasa cha wimbo kinachodaiwa, ndipo uamue la kufanya. Tena ukumbuke kwamba YouTube inafika kila nchi, na Marekani hukokotoa muda wa ulinzi kwa kanuni zake, ambazo kwa rekodi nyingi za zamani ni ndefu kuliko zetu. Wimbo ulio huru Morogoro unaweza kuwa bado unalindwa kwa msikilizaji wa Chicago.

Liko pia jambo ambalo madijei hulisahau kwa sababu halina bei. Mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ana haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Chukua kipande cha wimbo wa injili, kiweke juu ya mdundo wa kuchezesha watu baa, kisha uwaulize wanakwaya walioimba kama wako radhi. Hata kama ungelipa fedha zote, pingamizi la namna hiyo lina uzito wake kisheria, na kwa maoni yangu lina uzito mkubwa zaidi kibinadamu. Ukikusudia kugusa wimbo wa dini, wa maombolezo au wa ukoo, anza kwa wenyewe kabla hujaanza kwa kompyuta. Ngoma za asili nazo si mali isiyo na mwenyewe: sheria yetu ina sehemu mahususi inayolinda sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji idhini.

Sasa nije kwenye kinga ulizozitaja, maana naona ulikuwa na nia njema na ulizitegemea kweli.

Hakuna sheria ya sekunde 30, wala ya 15, wala ya 7. Kikundi cha Kraftwerk cha Ujerumani kilipigania mahakamani kwa miaka mingi kipande cha takriban sekunde mbili cha mdundo kilichokatwa kutoka rekodi yao ya mwaka 1977, na mwezi Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mwenye rekodi anaweza kuzuia hata kipande kifupi sana, isipokuwa kama kimebadilishwa kiasi kwamba sikio haliwezi kukitambua. Hukumu ile haiifungi mahakama yetu, lakini inaonyesha kwamba kinachopimwa ni kilichochukuliwa na jinsi kinavyotambulika, wala si saa ya mkononi. Sheria yetu inaruhusu matumizi fulani bila kuomba, kama vile matumizi binafsi, ufundishaji na kunukuu kwa kiasi kinachostahili. Kufanya mazoezi ya kuchanganya nyimbo chumbani kwako hakumsumbui mtu. Miksi ya saa nzima iliyo hadharani haiingii humo.

Maneno ya "sidai umiliki" hayakusaidii chochote, na nasikitika kusema yanaweza kukudhuru, kwa kuwa yanathibitisha kwamba ulijua wimbo ni wa mtu mwingine. Kumtaja msanii ni wajibu mwema ambao hauondoi wajibu wa kuomba. Kununua wimbo kulikupa nakala ya kusikiliza. Akaunti ya Spotify au Apple Music nayo, kwa masharti yake yenyewe, ni ya matumizi binafsi, kwa hiyo kuichomeka kwenye spika za ukumbi ni kuvunja mkataba hata kama ukumbi una leseni. Na wimbo kutosajiliwa COSOTA hakumaanishi haulindwi: ulinzi huanza kazi inapotengenezwa, na usajili husaidia tu katika kuthibitisha na kupata mirabaha.

Kuhusu nyimbo ulizotumiwa na wasanii kwa WhatsApp, hapa kidogo una hoja. Msanii anayekutumia wimbo wake akisema "piga huu, kaka" amekuruhusu kuupiga, na mahakama yoyote yenye busara ingeuona ujumbe huo kuwa ni ruhusa ya aina fulani. Lakini amekuruhusu kuupiga, hajakuruhusu kuukata, kuubadili, wala kuuza nakala. Aidha huenda yeye mwenyewe hana uwezo wa kukuruhusu, kwa sababu rekodi ni ya lebo au ya prodyuza aliyetengeneza mdundo. Nchini Marekani, Januari 2007, polisi mjini Atlanta walivamia studio ya DJ Drama, wakamkamata na kuchukua maelfu ya CD za miksi, ilhali miksi zake zilikuwa zikitegemewa na lebo zenyewe kutangaza wasanii wao. Idara ya promosheni ilikuwa ikimpelekea nyimbo, na chama cha kampuni za rekodi kikawasaidia polisi kumvamia. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mtu mmoja ndani ya kampuni haikumkinga.

Kibali cha BASATA kinahusu wewe kutambuliwa kufanya shughuli za sanaa. Hakihamishi haki ya wimbo wa mtu yeyote. Leseni ya COSOTA ya ukumbi inahusu kutumia muziki hadharani katika ukumbi huo. Ukipiga sherehe kwenye hema uwanjani au nyumbani kwa watu, usidhani leseni ya ukumbi wa jana imekufuata. Wengi huniuliza kama harusi ni shughuli binafsi. Kigezo ni kama wapo watu walio nje ya familia na marafiki wa karibu kabisa. Kwa harusi zetu za kadi na kamati za michango, zenye wageni mia tatu ukumbini, mimi ningeihesabu kuwa ni hadhara na kuhakikisha leseni ipo. Muulize mwenye ukumbi akuonyeshe leseni ya mwaka huu, na uipige picha. Kwa shughuli zako zisizo na ukumbi, ulizia COSOTA namna dijei anayehamahama anavyolipia. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliigeuza COSOTA kuwa Ofisi ya Hakimiliki na kufungua njia kwa taasisi za wenye haki zenye leseni kukusanya na kugawa mirabaha, kwa hiyo uliza pia ni taasisi ipi inayokusanya kwa upande wa muziki kabla hujamkabidhi mtu fedha. Ukivuka kwenda Unguja au Pemba, huko kuna sheria nyingine, ya mwaka 2003, na chombo kingine, COSOZA. Ukialikwa Mombasa au Nairobi, msimamizi ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na leseni ni za huko.

Sasa flashi. Unapouza flashi yenye miksi unatoa nakala na kuzisambaza kwa biashara, na hakuna leseni ya ukumbi wala kibali cha sanaa kinachogusa jambo hilo. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kufungwa. Anayekiuka haki hizi kwa kujua, hasa kwa lengo la biashara, anaweza kushtakiwa na kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, mbali na madai ya fidia. Na kompyuta iliyotumika inaweza kuchukuliwa pamoja na nakala. Najua vibanda vya kurusha nyimbo kwenye simu na flashi vimejaa kila stendi, na najua utasema kwamba hujaona mtu amekamatwa. Tofauti yako na kibanda ni kwamba wewe unaweka jina lako na namba yako ya simu kwenye kila nakala. Nakushauri uache kuziuza sasa, si baada ya kumaliza zilizobaki. Mteja anayekulipa kwa ajili ya shughuli anaweza kulipia huduma yako ya kupiga; hiyo ni kazi yako halali na bei yake unaweza kuipandisha.

Njia za kuendelea zipo, ingawa si zote rahisi. Kwa miksi ndefu, Mixcloud, ambayo ilianzishwa London, imejengwa juu ya mikataba na wenye haki, na hutambua nyimbo zilizomo ili mirabaha ilipwe. Masharti yake ni kwamba msikilizaji hapakui faili, na nyimbo za msanii mmoja ndani ya kipindi kimoja zina ukomo. Wengine huudhika na masharti hayo, lakini ndiyo yanayofanya miksi yako ibaki pale. Apple Music nayo mwaka 2021 ilitangaza utaratibu wa kutumia teknolojia ya Shazam kutambua nyimbo ndani ya miksi za madijei na kuwalipa wote wanaohusika, ingawa kuingia huko mara nyingi hupitia kwa msambazaji. Ruhusa ya jukwaa moja haihamii jukwaa lingine: miksi iliyo halali Mixcloud inakuwa tatizo jipya ukiihamishia YouTube.

Kwa rimiksi, njia iliyo safi ni kuomba. Kwa wasanii chipukizi wa Bongo Fleva na singeli, jambo hili ni jepesi kuliko madijei wanavyodhani, kwa kuwa msanii anatamani wimbo wake ufike mbali na prodyuza wake yuko simu moja tu kutoka hapo. Kosa ni kuishia kwenye "poa, fanya". Andika karatasi fupi, hata ya aya moja, isainiwe na mtunzi pamoja na mmiliki wa rekodi. Inaweza kusomeka hivi:

"Sisi, mtunzi wa wimbo huu na mmiliki wa rekodi yake, tunamruhusu dijei aliyetajwa hapo juu kutengeneza rimiksi moja ya wimbo huo kwa kutumia sauti za mwimbaji, na kuipakia YouTube, Audiomack na Boomplay duniani kote kwa miaka mitatu. Majina yetu yatatajwa kila mahali rimiksi itakapowekwa. Mapato yote yatagawanywa nusu kwetu na nusu kwa dijei kila baada ya miezi sita. Ruhusa hii haihusu matangazo ya biashara wala uuzaji wa nakala."

Kiwango cha mgawo ni cha kujadiliana, na wapo watakaokataa kukupa chochote zaidi ya malipo ya mara moja; usilichukulie hilo kuwa tusi. Muhimu ni karatasi iseme wimbo upi, kitendo kipi, wapi, kwa muda gani, fedha zinagawanywaje, na nani atakayeipakia. La mwisho hili husababisha ugomvi mwingi: msambazaji wa msanii akiwa ameshasajili wimbo kwenye mfumo wa YouTube, mfumo utaidai rimiksi yako hata kama una ruhusa, hadi msanii amwambie msambazaji wake aiachie.

Kwa nyimbo za dansi za zamani, kuomba ni kugumu zaidi. Warithi wanaweza kuwa wengi na hawasemezani, mmiliki wa rekodi anaweza kuwa kampuni iliyouzwa zaidi ya mara moja, na TBC ina taratibu zake. Kuna njia ya kati ambayo mimi huipendekeza mara nyingi: usiikate rekodi, bali urekodi upya. Tafuta mpiga solo na mwimbaji hapo Morogoro, wapo wanaozijua nyimbo hizo nota kwa nota, uwalipe na uandikiane nao, kisha ujenge mdundo wako juu ya rekodi hiyo mpya. Hapo tabaka la rekodi ni lako, na kilichobaki ni utunzi. Ukiwa ni wa mtunzi ambaye muda wake umekwisha, umebakiwa na wajibu wa kumtaja na kuuheshimu wimbo wake, pamoja na tahadhari ya nchi za nje niliyoitaja. Ukiwa bado unalindwa, angalau unaomba kwa upande mmoja badala ya pande mbili. Itakugharimu zaidi ya kutenganisha sauti kwa programu, lakini utapata kazi ambayo unaweza kuisambaza na hata kuisajili. Mara nyingine, hata hivyo, jibu la kweli ni kwamba wimbo huo uuache. Wenye haki wasipopatikana, kimya chao hakigeuki kuwa ruhusa.

Turudi kwenye chaneli yako, maana hapo una mambo mawili tofauti. Dai la rimiksi limetokana na Content ID, mfumo unaolinganisha sauti uliyopakia na sauti zilizosajiliwa na wenye haki. Mwenye haki huchagua kuizuia video, kuchukua mapato yake au kuifuatilia tu, na kwa kawaida chaneli haidhuriki. Ukiliachia dai lilivyo, mapato yanakwenda kwa mdai na video inaweza kubaki. Ukilipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Pinga tu ikiwa una karatasi ya ruhusa, au una hakika mdai amekosea. Onyo la miksi ni zito zaidi, kwa sababu linatokana na ombi rasmi la kuondolewa kwa video. Huisha baada ya siku 90 ukimaliza somo la hakimiliki wanalokupa, lakini maonyo matatu ndani ya kipindi hicho huifunga chaneli. Kuifuta video hakuondoi onyo. Unaweza kumwandikia aliyeomba video iondolewe, kwa adabu na bila visingizio, ukimwomba alifute onyo, na wapo wanaokubali. Wengine watakushauri utume taarifa ya kupinga. Hiyo ni hati ya kisheria yenye kiapo, ambayo ndani yake unakubali kushitakiwa Marekani kuhusu shauri hilo na unatoa jina na anwani yako kwa mdai. Usiitume kwa kubahatisha. Na usifuate ushauri wa kupandisha kasi au kubadili ufunguo wa wimbo ili mfumo usiutambue, kwani mbele ya hakimu hilo huonekana kama jitihada ya kuficha.

Kwa hiyo wiki hii acha kuuza flashi, ifanye rimiksi ya wimbo wa zamani kuwa ya faragha hadi ujue mtunzi ni nani na rekodi ni ya nani, na pitia miksi nyingine zilizobaki kwenye chaneli, ukiziondoa zile zisizo na ruhusa kabla ya onyo la pili. Kisha nenda COSOTA ukiwa na jina la wimbo, jina la bendi, mwaka kama unaujua, na picha ya lebo ya santuri au ya dai lenyewe, uwaombe wakusaidie kutambua wenye haki. Huduma hiyo haihitaji wakili.

Wakili utamhitaji ukipokea barua ya madai inayotaja kiasi cha fedha na tarehe ya mwisho, wakaguzi au polisi wakichukua vifaa vyako, ukiletewa mkataba wa lebo au msambazaji unaochukua haki zako "daima na duniani kote", au kampuni ikitaka rimiksi yako kwa tangazo la biashara. Katika hali hizo usisaini maelezo ya kukiri na usijibu kwa ujumbe wa sauti. Chukua mawasiliano yote ya WhatsApp na wasanii, stakabadhi za nyimbo ulizonunua, picha ya leseni ya ukumbi, kibali chako cha BASATA, na faili za mradi wa rimiksi zenye tarehe zake, uvipeleke kwa wakili mwenye uzoefu wa hakimiliki kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye barua kupita. Kama huna uwezo wa kumlipa, ulizia msaada wa kisheria kwa mashirika yanayoutoa katika mkoa wako, na uende mapema, kwa sababu barua ambayo haikujibiwa ni ngumu kuitetea kuliko ile iliyojibiwa kwa ufupi na kwa heshima.